Kibao cha Sanduku la Tende

Mota ilinguruma ndani ya mlango wa upande wa mume wangu, kioo hakikushuka. Maji ya wadi, bonde kavu linalojaa mvua ikinyesha, yalishafika kwenye viti. Akabonyeza swichi tena na tena, mota inavuta na kukwama. Kioo cha upande wangu kilishuka vizuri kama siku zote. "Toka wewe, nnakuja," akanambia, akanisukuma kwa mikono miwili. Nikatoka, nikashika jiwe. Nilipogeuka gari lishalala ubavu, upande wangu chini, na maji yanapita juu yake.

Gari lile tulilinunua kuukuu tukikaa Ruwi, Maskati, miaka ya tisini. Vumbi la huko halina adabu, linaingia kwenye mipira ya kioo mpaka kinapanda kwa kukoroma. Basi kila Ijumaa baada ya chakula, kivuli kikifika ukutani, mume wangu akitandika mkeka, akifungua ubao wa ndani wa mlango, na mimi nakaa karibu na kisahani cha kahawa mapajani, napokea skrubu. Nimesoma darasa nne tu Unguja, lakini kazi ile naijua mpaka leo. Kioo unakibana juu kwa utepe kisianguke. Njia zake unazisugua kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, unakausha, kisha grisi kidogo kwenye vyuma. Mipira huipaki grisi. Skrubu zilikuwa zikinifikia zina joto la vidole vyake.

Siku moja shemegi yangu, mdogo wake, alikuja kusaidia akaipaka mipira mafuta ya nazi. Kwetu mafuta ya nazi ni dawa ya nywele, ya miguu, ya bawaba. Wiki haikwisha, vumbi likagandana nayo kama halua.

"Umekikaanga kioo?" mume wangu akamuuliza.

"Nimekilainisha, kaka."

"Basi lete kahawa tukile."

Tukacheka sote.

Ufunguo wa pili ulitundikwa kwa mama mkwe, kila ndugu akichukua gari anapotaka. Ndivyo walivyolelewa. Msimu ule wa mvua shemegi alilichukua kwenda Bustan na mkewe. Alipolirudisha akasema mbele ya mama yake, "Kioo chako kilikuwa kinaanguka, kaka. Nimekitengeneza. Usikishushe siku mbili tatu, grisi ikae."

Mimi nilijua grisi haingoji kukaa. Nikanyamaza, sikutaka kumfedhehi mtu mbele ya mama yake. Mume wangu alikuwa na homa, Ijumaa ile mlango haukufunguliwa. Jumapili tukaenda Sidab kununua samaki. Wakati wa kurudi, wadi ikashuka.

Gari walilivuta wakaliegesha ukutani, pale pale penye mkeka. Nilikuwa eda ya mume wangu, mlango wa nje sivuki, lakini ua ni wangu. Nikachukua bisibisi yake na kisahani, nikaufungua ubao peke yangu. Ndani, chini ya kioo, kimetiwa kibao cha sanduku la tende, kimezungushwa utepe mwekundu wa umeme. Kuzuia kioo kisianguke, kweli. Na kisishuke pia. Utepe ule hatukuwa nao nyumbani. Shemegi ndiye anayefungia nao nyaya zake.

Nikampelekea mama mkwe. Akakishika, akakigeuza, akanirudishia.

"Mwanangu, hii kadari," akasema. "Nishampoteza mmoja. Usinipotezee na wa pili."

Nikamheshimu. Amekufa mwaka juzi, Mungu amrehemu, na heshima ile imekwisha. Miaka yote hii shemegi anakuja kila Idi, anakaa kwenye kiti cha kaka yake, anakunywa kahawa, ananambia, "Kadari, bi mkubwa." Mimi Ijumaa kivuli kikifika ukutani bado natoa kisahani, nakaa nacho. Mikono inangoja skrubu.

Kadari naijua, nimefundishwa chuo cha Kurani kabla sijafika skuli. Sikuulizi mvua, shemegi, wala wadi. Mimi nimekiri hapa kunyamaza kwangu, kila mtu asome. Kibao ninacho, kimo kabatini na utepe wake. Idi hii nitakiweka kwenye sinia karibu na kikombe chako. Ulikitia wewe, na grisi ukaisingizia. Kabla hujanywa, shemegi, nambie kwa nini hukumwambia kaka yako.