Amina Moja

Binti yangu wa mwisho ndiye aliyemleta. Alishuka kwenye bodaboda akitokea Singida mjini, na kati yake na dereva alikuwa amebanwa mnyama mfupi, mpana kama gunia la alizeti, uso umejikunja wote.

"Hiki ni nini?" nikamuuliza.

"Ni buldogi, mama. Mwenye nyumba wangu kakataa mbwa. Kaa naye wewe, si uko peke yako?"

Lile neno hakuna aliyekuwa amenitamkia tangu tumzike baba yao. Watu walilizunguka tu. Yeye akalisema huku anakunywa maji, na baada ya siku mbili akarudi kazini Dodoma.

Mbwa wetu wa huku hatuwafundishi. Anazaliwa, anafuata mbuzi, jioni anarudi, basi. Huyu alikuwa mwingine kabisa. Nikimwita anaangalia pembeni. Nikitoka naye kwenda mashineni kusaga, akifika katikati ya barabara anakaa chini, hanyanyuki. Namvuta kwa kamba, hapana. Namsukuma makalio kwa mikono miwili, ndoo ya mtama kichwani, hapana. Jirani yangu, ambaye nyumba yetu na yake zinatenganishwa na ua wa minyaa tu, alinikuta hivyo akashika kiuno.

"Jirani, huyo nguruwe unauza kilo shilingi ngapi?"

"Ni mbwa huyu."

"Mbwa! Basi mwambie yeye mwenyewe, maana hajui."

Hayo niliyavumilia. Lililoniuma ni la jumuiya. Kwetu kila Alhamisi alasiri tunasali rozari nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Zamu yangu ilipofika, mbwa alipanda kwenye mkeka akalala katikati ya watu, akakoroma somo zima, halafu akaweka kidevu kwenye kitenge cha bibi mmoja mzee na kukilowesha udenda. Nilijaribu kumfunga kwenye mwarobaini, akajivuta na kamba mpaka pumzi ikawa inapiga filimbi, nikaogopa atakufa nikamfungua. Kumfungia ndani chini ya bati na lile joto ndiyo kabisa. Mwenyekiti wetu ni mama mwenye msimamo. Alifunga kitabu chake akasema, "Dada, zamu yako tutakuwa tunairuka mpaka huyu ashike adabu."

Wengine wataona ni jambo dogo. Lakini siku ya zamu ndiyo siku pekee ambayo viatu vilijaa mlangoni kwangu. Siku nyingine zote ni vyangu tu, pea moja.

Kwa hiyo nikaamua nitamfundisha. Mimi kusoma nimejifunza ukubwani, madarasa ya jioni, nikiwa na watoto watatu tayari. Mwalimu wetu hakuwa mtu wa kugombeza. Neno moja alilirudia hata mara ishirini, na ukikosea anasema, "Tunaanza tena." Nikasema na mimi nitafanya vivyo hivyo. Nikawa nasema "kaa" huku nimeshika kipande cha ugali na dagaa juu yake. Ananitazama. "Kaa." Ananitazama. Tunaanza tena. Wiki mbili zikapita, na aliyejifunza kukaa nilikuwa mimi, maana nilichoka nikakaa chini, yeye akaja akala ugali mkononi.

Kumbe kuna kitu alikuwa anajifunza mwenyewe. Kila jioni kabla jua halijazama nasali rozari yangu pale barazani, na nikimaliza nasema "Amina", nanyanyuka, namwekea chakula kwenye sahani yake ya bati karibu na mlango wa jikoni. Siku moja nikagundua nikishika tu rozari, analala pembeni ya mkeka, miguu mbele, kimya, hakoromi. Analala hivyo mpaka nifike mwisho. Nikisema "Amina", huyo mbio kwenye sahani. Nikamjaribu siku tano mfululizo. Siku ya sita nikapitisha kuku mbele yake. Hakutikisika.

Nililia kidogo, sitaficha. Kesho yake nikaenda kwa mwenyekiti nikamwambia, "Mbwa sasa anasali kuliko sisi. Nirudishieni zamu yangu."

Akanitazama sana. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Alhamisi ile nilifagia mpaka nje ya ua. Nikatandika mikeka mitatu, nikaweka kitambaa cheupe kwenye kimeza, msalaba na mshumaa. Viazi vitamu viko jikoni, chai imefunikwa. Wakaja kumi na wawili, wakavua viatu, na mimi nikawa navihesabu kwa macho. Nikaishika rozari yangu juu ili mbwa aione. Akalala pale pale, miguu mbele. Jirani yangu wa ua wa minyaa akaninong'oneza, "Haa! Nguruwe kaokoka."

Mwenyekiti akafanya ishara ya msalaba kwa sauti. Watu wote wakaitikia, "Amina!"

Mbwa akaruka. Mbio mpaka kwenye sahani. Akaikuta tupu, akarudi, akanitazama. Ikaja Baba Yetu. "Amina!" Huyo tena. Zikaanza Salamu Maria, na nyinyi mnajua kila moja inaishia wapi. Kila "Amina" anakimbia, anarudi, anakimbia, anarudi, anahema kama pampu ya baiskeli. Kwenye ya nne mabega ya akina mama yakawa yanatikisika. Kwenye ya saba akaibeba sahani kwa meno, akaja akaidondosha mbele ya msalaba, nga!

Yule bibi wa kitenge akashindwa kujizuia. "Jamani mpeni, amesali vya kutosha!"

Wakacheka mpaka mshumaa ukazimika. Nikamtoa nje nikamkumbatia shingo mpaka wakamaliza. Tulipofika kwenye chai, mwenyekiti akaniuliza, wala hakuwa amekasirika, "Dada, hebu nieleze. Wewe rozari nzima unasema Amina moja?"

"Nasali kimoyomoyo," nikasema. "Ile ya mwisho ndiyo naitoa kwa sauti."

"Kwa nini?"

"Salamu Maria ina nusu ya kuanza na nusu ya kuitikia. Nikianza, nani ataitikia?"

Bibi akaweka kiazi chake chini. Mwenyekiti akasema zamu yangu itafika tena nyumba zote zikishazungukwa, na mbwa akiwa bado hajaweza wataniruka. Ni haki yake, utaratibu ni utaratibu. Bibi, alipokuwa anavaa viatu, akaniambia, "Mfundishe Amina nyingi, mwanangu." Nikamuaga, nikaosha vikombe kumi na tatu.

Jioni iliyofuata nikaanza tena. Nikasema nusu ya kwanza kwa sauti, halafu nikajiitikia mwenyewe nusu ya pili. Sauti yangu mle barazani niliiogopa, ilikuwa kama ya mgeni. "Amina." Mbwa akanyanyuka, nikamrudisha. Tunaanza tena. Siku nyingine tulifika tatu, siku nyingine hata moja ilitushinda. Chakula kinapoa, nami najiitikia.

Juzi alifika kumi bila kunyanyuka. Kwenye kumi la pili nikasema nusu yangu, nikavuta pumzi nijiitikie, na kabla sijaanza nikasikia ng'ambo ya minyaa sauti ya jirani yangu, mikono bado inasugua sufuria: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu..."

Nikanyamaza nisikie kama atafika mwisho. Akafika. "Amina."

Mbwa akainua kichwa, akatazama minyaa, akanitazama mimi. Kisha akakirudisha kichwa juu ya miguu.

Nikaendelea na iliyofuata, kwa sauti ya kufika ng'ambo.