Mizani ya kahawa yapima mashua Nyumba ya Mungu

Saa moja asubuhi, kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, Ebenezeri Nkya anafunga mizani ya kupimia kahawa kati ya kisiki na mashua yenye mtambo wake mpya. Injini inawaka, kamba inakaza, mshale unatetemeka. Mzee anainama kusoma nguvu ya mvuto: kilo ishirini na nne.

"Shikamoo mzee. Leo unanunua maji?" mvuvi mmoja anamtania.

"Marahaba. Yakikauka vizuri nitanunua," anajibu, huku akiandika kwenye daftari.

Ebenezeri, 54, ni fundi wa mashine za kumenya kahawa. Kwao ni Masama, huko mlimani, na karakana yake iko Shirimatunda. Zamani alitengeneza mashine thelathini kwa msimu. Bei ya kahawa imeanguka, na msimu huu wa 2001 ameletewa nne tu. "Watu wameziacha stoo, kuku wanatagia humo," anasema.

Mwaka jana Kornelia Msuya, mwenye mashua hapa bwawani, alimletea rafadha iliyopinda, yaani lile panga linalozunguka majini na kuisukuma mashua. Bwawa limejaa majani na nyavu zilizokatika. Panga likinasa, mtu hushuka majini kulinasua. Mumewe Hosea alishuka hivyo miaka mitatu iliyopita, mamba akamchukua.

"Nilikuwa nimemshikia kisu cha kukatia nyavu," anasema Kornelia.

Maneno hayo yalimkaa fundi moyoni. Akaikumbuka pampu ya marehemu baba yake, iliyokuwa ikivuta maji ya mfereji kumwagilia kahawa. Akawaza, kama inarusha maji hadi juu ya migomba, si iyarushe nyuma ya mashua? Iyavute chini, iyateme nyuma kwa nguvu, na pasiwe na panga la kunasa kitu. Akaifunga kwenye mashua ya kujaribia.

Shida ni kwamba pampu si yake. Kwa desturi ya Wachagga, kihamba cha baba, yaani shamba la nyumbani, hubaki kwa kitindamimba na vyote vilivyomo. Mdogo wake, Eliakim, amepanda nyanya na anaitaka pampu. Walikubaliana kwamba wavuvi wakikataa mtambo huu leo, pampu irudi Masama Jumapili.

Jaribio la kwanza lilimwaibisha. Mlangoni mwa pampu alifunga wavu wa kuanikia kahawa, ukaziba ndani ya dakika tano, wakamrudisha kwa kasia.

"Mimi ni mtu wa mlimani," anakiri. "Mfereji wetu unaleta majani ya mgomba, unayaona na kuyaondoa. Maji ya huku yana nyuzinyuzi." Safari hii ameweka nondo nyembamba zilizolala kuelekea nyuma, majani yateleze yaende zake.

Sasa inafungwa kwenye mizani mashua ya rafadha. Mshale unafika thelathini na nane. Antoni, mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi, anatikisa kichwa.

"Mzee wangu, umepitwa mbali."

"Nimepitwa," anasema Ebenezeri, na anaandika namba zote mbili.

Mashua zote mbili zinapakiwa mawe ya uzito sawa na kutumwa ng'ambo ya majani, kisha zirudi. Ya rafadha inatangulia. Katikati ya majani injini yake inakohoa na kuzima. Kijana anayeiendesha anavua shati, anayatazama maji, hashuki. Nyuma yake mashua ya Ebenezeri inakuja polepole, inatema maji, inampita. Inafika ng'ambo, inageuza, na ikirudi inamtupia kamba na kumvuta.

Ufukweni, Antoni anaanza tena habari ya kilo. Kornelia anamkatiza.

"Fundi, daftari lako lina mahali pa kuandika walioshuka majini?"

"Halina, mama."

"Ongeza."

Ebenezeri anachora mstari, anaandika sifuri. Kornelia anasema mtambo ufungwe kwenye mashua yake msimu mzima, anayetaka atamfuata. Antoni anakubali, ila anataka fundi aongeze nguvu. Fundi anasema ataupunguza mdomo wa kutemea maji na kupima upya.

Jumapili atapanda Masama mikono mitupu. Anapanga kununua pampu nyingine kwa fedha za kazi za hapa bwawani na kumpelekea mdogo wake, lakini nyanya hazisubiri na Eliakim ana hasira za karibu. Atamwambia nini?

Anafunga daftari na kulitia mfukoni. "Nitamwonyesha ile sifuri," anasema. "Halafu nitamsaidia kumwagilia kwa ndoo."