Barua Isiyo na "Get"

Juzi jioni binti yangu aliniwekea daftari mezani, hapa kwetu Migosi, Kisumu, akaniuliza, "Mami, get ni nini?" Nikamjibu haraka kwamba ni kupata. Akanionyesha sentensi ya kwanza: mtu ame-get a cold. Sawa, amepata mafua. Ya pili, mtu ana-get up. Amepata juu? Ya tatu, wame-get home. Ya nne, I don't get it. Nikakuna kichwa. Mimi ninayeandika ripoti za Kiingereza kazini kila Ijumaa nilishindwa na kineno cha herufi tatu. Nikamwambia amngoje baba yake, nikaenda jikoni kugeuza samaki ambao hawakuhitaji kugeuzwa.

Acha nikwambie ukweli, rafiki yangu, neno hilo na mimi tuna kesi ya zamani.

Nililelewa na nyanya, mama yake baba, huko Asembo Bay. Tulimwita Dani, kama Wajaluo wanavyowaita nyanya zao. Baba yangu alikuwa amefariki, mama alikuwa akichuma chai Kericho, na nyumbani tulibaki wawili tu. Dani alikuwa muuzaji wa omena, wale dagaa wa ziwani. Asubuhi kabla ya shule tulitandaza nyavu kuukuu mchangani, tukamwaga omena, kisha nikafukuza kuku na ndege kwa fimbo huku yeye akitenga majani na vijiwe kwa vidole. Nilikwenda shule nikinuka ziwa zima. Jioni tulikula ugali wa mtama na osuga iliyolazwa kwenye maziwa. Sijala mboga ya namna hiyo tena, na nimejaribu.

Shuleni kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukisikika unaongea Kijaluo, unavishwa shingoni mpaka umnase mwenzako. Tulipoingia darasa la sita, mwalimu wetu wa Kiingereza alichonga kibao cha pili, cha watu wanaosema "get". Alisema ni neno la wavivu, na mtahini akiliona kwenye insha anakata alama. Kwa hiyo kila Jumatatu tuliimba majina ya ndugu zake kama kwaya: obtain, acquire, procure, receive, fetch, become, arrive, comprehend. Niliimba kwa sauti, lakini kichwani ilikuwa vurugu tupu. Kineno kimoja kinakuwaje na ndugu wengi hivyo, wasiofanana hata kwa pua? Nilipouliza, mwalimu alikasirika akaniambia, "Get out." Nilisimama nje nikijiuliza kama yeye naye hapaswi kuvaa kibao.

Basi mwaka huo jicho la kulia la Dani lilianza kusumbua. Alianza kukosa vijiwe kwenye omena, na wateja wakalalamika. Siku moja aliniita, akaniketisha kwenye kigoda, akasema niandike barua kwa baba mdogo, mwanawe pekee aliyebaki, ambaye alikuwa karani Nairobi. Maneno yake yalikuwa machache. "Mwambie jicho linaingia giza. Aje anipeleke hospitali. Asichelewe."

Ningeandika hivyo tu, kwa Kijaluo, tungekuwa tumemaliza. Lakini barua kwetu ilikuwa kitu cha mtihani. Tulifundishwa kwamba barua ina anwani pembeni, ina salamu, inasema wote nyumbani ni wazima, inasifu hali ya hewa, halafu ndiyo inaingia kwenye jambo lenyewe. Nikafuata yote. Nikaandika kwamba sote tuna afya tele. Nikaandika jua linavyochomoza ziwani, aya nzima. Kwenye aya ya nne ndipo nilipofika kwa jicho, na hapo nikaogopa kibao, ingawa mwalimu hakuwepo. Nikaandika kwamba Dani's organ of sight is acquiring obscurity, yaani kiungo chake cha kuonea kinajipatia utusitusi. Nikamwomba baba mdogo procure her with alacrity, yaani ajipatie Dani kwa wepesi. Nilijisikia msomi. Dani aliishika ile karatasi, akaigeuza, akasema, "Umeandika mengi, nyathina," yaani mtoto wangu, na akafurahi.

Majuma matatu baadaye, jirani aliyekuja kutoka Nairobi kwa mazishi ya kwao alileta kifurushi. Dani alikipapasa, akadhani ni dawa. Kilikuwa kamusi ya Kiingereza. Ndani yake kulikuwa na barua yangu mwenyewe, imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Juu kabisa, thelathini na sita kwa arobaini. Pale kwenye organ of sight palikuwa na mstari chini na maneno mawili: "Lugha nzuri." Baba mdogo alidhani namtumia insha ya mazoezi. Na kwa nini asidhani? Nilikuwa nimemwambia sote ni wazima.

"Anasema nini?" Dani akauliza.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa na thelathini na sita mkononi. Sijui hata leo ni kipi kilichonifunga mdomo, aibu au ile alama. Nilisema, "Anatafuta likizo. Atakuja akiipata."

Kila juma nilijiambia nitaandika nyingine. Niliichana mara mbili, kwa sababu barua ya pili ingefichua ya kwanza. Baba mdogo alikuja Desemba, kama kawaida, akamkuta mama yake akimwaga chai nje ya kikombe. Alimkimbiza Kisumu siku iliyofuata. Daktari aliuliza mbona tumekawia hivyo. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha, la kushoto likaokolewa kwa matone.

Siku hizi pale tulipoanika omena pamejengwa gesti ya matofali, na hakuna mtoto anayetumwa kuandika barua, watu wanapiga simu tu. Dani tulimzika miaka mingi iliyopita. Baba mdogo amestaafu, na kila tukikutana huwaambia wageni kwamba huyu alikuwa anaandika Kiingereza kizito tangu darasa la sita. Mimi hucheka nao. Nashindwa kumwambia, na nashindwa kuelewa kama yeye mwenyewe hajawahi kuunganisha barua ile na jicho, au ameunganisha na ananihurumia.

Ila kuna siku moja najua nilichosikia. Ilikuwa jioni tuliyotoka hospitali. Baba mdogo alikaa sakafuni kando ya kitanda, akilia kwamba angejua angekuja mapema. Dani alimshika kichwa, akamwambia, "Nyamaza. Najua ulinyimwa likizo. Nimekusamehe." Baba mdogo akaniangalia, hakuelewa likizo gani. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni na matone mkononi, nikamwacha asamehewe kosa langu.