Kiinimacho kwenye Arobaini ya Mtani

Kwa miaka mingi kazi yetu ilikuwa moja: yeye anafanya mazingaombwe, mimi namharibia. Tulialikwa kwenye mahafali ya chekechea, kicheni pati, mara moja moja kwenye ukumbi mdogo kule Mwenge. Yeye Mzaramo wa Temeke, mimi mwanamke wa Kinyamwezi niliyekulia Mabibo. Sisi ni watani wa jadi, kwa hiyo matusi hatukuhitaji kuyatunga. Alikuwa anafumba kitambaa chekundu ngumini, akifumbua hakipo. Kabla watu hawajapata nafasi ya kuogopa, mimi naingia kumpekua makwapa, namuuliza kama kimekwenda lilikokwenda shamba la babu yake, yaani ngomani. Ukumbi unaangua kicheko, tunaendelea.

Kicheko hicho kilikuwa na kazi gani, sikuelewa mpaka siku nilipokosekana. Nilikuwa Tabora msibani, naye akaalikwa kwenye harusi ya jirani, nyumba ya tatu kutoka kwake. Alikwenda peke yake. Akaipoteza pete ya bibi harusi, ikaja kuonekana ndani ya andazi. Nilisimuliwa kwamba hakuna aliyecheka. Wiki mbili baadaye bibi harusi akaanza kuumwa kichwa, na mtaa ukamaliza mashauri bila kumwita mshtakiwa. Mkewe akienda kuazima kinu, anaambiwa kimepasuka. Mzaramo aliona ni upuuzi. Miezi michache baadaye alianguka bafuni kwa presha, akafa.

Arobaini yake ilisomwa Jumamosi baada ya adhuhuri. Majirani walikuja, maana kutokuja kungewaumbua. Sisi wanawake tulikaa sebuleni na uani, kwenye majamvi. Masinia ya pilau yakaletwa, watu wakanawa, halafu mikono ikabaki mapajani. Mmoja alisema tumbo linamsumbua. Bibi mmoja alisema amefunga suna, na wenzake watatu wakakumbuka kwamba na wao wamefunga. Sikujua mtaa ule una wacha Mungu wengi kiasi kile. Nilikasirika, nakiri, ingawa nilikuwa nimekaa nao kwa adabu nikijipepea.

Mjane aliniita chumbani. Alikuwa ndani ya eda, kitandani, mlango una pazia tu, na alikuwa amesikia kila kitu.

"Wifi, hawajala?"

"Hawajala."

"Mie nyumba yangu ni hii hii. Nikitoka eda nitaishi na nani?" Akavuta kanga yake vizuri. "Wewe si mtani wao? Waonyeshe alivyokuwa anafanya."

"Wifi, ile ilikuwa siri yetu. Hata wewe hukuambiwa."

"Siri ya maiti inanisaidia nini? Waonyeshe."

Pwani mtani ana ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza mbele ya wafiwa, na hakuna wa kumkasirikia. Nikatungua koti lake la kazi, vifaa vyake vikiwa bado mfukoni, nikalivaa, nikatoka nikitembea kama yeye, tumbo mbele na miguu nyuma kama imeachwa. Dada zake walikuwa wa kwanza kushika midomo.

"Nyie mliomzika huyu Mzaramo," nikasema, "mlihakikisha yumo ndani ya sanda? Mie ningekuwa nyie ningerudi kuangalia."

Uani mtu akacheka puani. Nikafanya kile cha kitambaa. Nikakishindilia ngumini, nikafumbua vidole, hakuna kitu. Yule bibi wa suna akaanza kusogeza miguu yake mbali na sinia. Ndipo nikajishika dole gumba nikaling'oa.

Lilikuwa dole la plastiki, lenye uwazi ndani, na kitambaa kimekunjwa humo. Marehemu aliliagiza kwa mtu, likaja jeupe kama la Mzungu, akawa analipaka dawa ya viatu ya kahawia kabla ya kila onyesho. Niliwaeleza yote. Nikawaambia mchawi wenu alikuwa anachelewa kazini kwa kusubiri kidole kikauke.

Hapo wakacheka kwelikweli. Dole likapita mkono kwa mkono, kila mtu akalijaribu. Bibi alilivaa, akalitazama, akalitia mfukoni mwa dera lake na kukataa kulitoa mpaka alipobembelezwa. Halafu akalivuta sinia karibu na kuuliza kachumbari iko wapi. Wenzake wa suna nao wakafuturu, jua likiwa bado juu. Kazi yangu ya miaka yote iliishia pale, na nilijua hivyo nikiwa bado nimevaa koti, lakini walikuwa wanakula.

Nikarudi chumbani na dole. Mjane alikuwa amesimama nyuma ya pazia, ameona. Alinyoosha mkono, nikampa. Akalivaa, akalivua, akachungulia ndani yake.

"Ndiyo hiki tu?"

"Ndiyo hicho, wifi."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Nje walikuwa wanaita pilau iongezwe. Akakaa kitandani taratibu, dole likiwa kiganjani.

"Nilikuwaga nalala naye," akasema, "najua mwenzangu ana kitu. Sikuwahi kumwogopa. Nilikuwaga najivunia." Akanirudishia. "Bora ungewaonyesha wao tu, wifi, mie ukanificha."