Siku Wanafunzi Waliponikataza Kuangalia

Mama mkwe wangu, mwanamke wa Kivu aliyeuza vitenge Gitega, aliniaga kwa onyo moja. "Donc we mama, uko na mimba. Kule Mwakiro usiangalie kinyonga hata kidogo. Mtoto atazaliwa na macho ya kuzunguka-zunguka, ao hatazaliwa." Nilicheka, lakini sikumlaumu. Tuliishi naye nyumba moja Nyamugari, mtaa wa hapo Gitega, na ni yeye aliyempokea mtoto wangu wa kwanza, aliyetoka kimya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Nilikwenda Mwakiro hata hivyo, maana mimi ni mbishi. Kila likizo kazi yangu ilikuwa kuwatoa watoto wa shule darasani na kuwafundisha sayansi mashambani na mabondeni: washike udongo, wanuse majani, wahesabu miguu ya wadudu. Wengi walikuwa watoto wa watu waliorudi kutoka Tanzania kama mimi, na Kiswahili chetu kilikuwa kile kile cha kambi za wakimbizi. Kambini hakuna aliyenifundisha kuangalia mti. Mti ulikuwa kuni. Kwa hiyo nilikuwa na kanuni moja, nami niliirudia mpaka wakawa wananiigiza sauti: angalia kwanza, sema baadaye.

Asubuhi moja, pembeni mwa shamba la kahawa nyuma ya shule, kelele zao zilikatika ghafla. Nilipokaribia waligeuka, wakasimama bega kwa bega, wakanizibia njia.

"Mwalimu, usije," alisema msichana mmoja mrefu kuliko wenzake. "Kuna kinyonga, na wewe una mimba."

"Kanuni yetu inasemaje?"

"Inasema tuangalie. Basi sisi tutaangalia, wewe tutakusimulia."

Nilikuwa nimewafundisha wasiogope kiumbe chochote, na sasa mimi mwenyewe nilisita kusogea. Nilimfikiria mama mkwe, nikamfikiria na huyu aliyekuwa tumboni. Kisha nikawasogeza taratibu nikapita. Niliogopa sana, sitaficha.

Alikuwa kinyonga jike, wa kijani, mnene, ameng'ang'ania tawi. Alishusha sehemu yake ya nyuma polepole, na kitu kidogo kilichofunikwa na ngozi nyembamba yenye utelezi kikatoka, kikanata kwenye jani. Nilidhani ni yai, maana vitabu nilivyosoma vilisema kinyonga hutaga mayai na kuyafukia. Lakini ile ngozi nyembamba ilitikisika, ikapasuka, na humo akatoka kinyonga kamili, asiyefika urefu wa kidole cha mtoto, na vidole vyake na mkia wake uliojikunja. Alinyoosha mguu, akashika ukingo wa jani, akaanza kutembea. Hakuna aliyemwonyesha. Jicho moja lilitazama mbele, la pili likatutazama sisi.

Akatoka mwingine, na mwingine. Watoto wale wasiojua kunyamaza, hata kukohoa hawakukohoa. Machozi yalinitoka mbele yao na sikuyafuta. Nilistaajabu kwamba dunia ilikuwa ikifanya hivi miaka yote, juu ya miti ya kahawa, wakati sisi tunapita na majembe.

Wa mwisho hakutikisika. Tulingoja. Jua lilipanda, ngozi yake ikaanza kukauka, na ndugu zake walikuwa wameshatawanyika matawini.

"Mwalimu, mbona huyu haamki?" aliuliza mmoja wao.

Ningeweza kuwaambia amelala. "Wengine huzaliwa wasiamke," nikasema. "Hata mimi, wa kwanza wangu hakuamka."

Kwetu jambo hilo halisemwi. Majirani wa Gitega walinipa pole kwa macho, kisha wakanyamaza, nami nikanyamaza. Watoto walitazama tumbo langu, wakatazama jani. Yule msichana mrefu alifikiri kidogo, halafu akauliza kama alivyozoea kuuliza juu ya kila kiumbe tulichokiona:

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. "Wa kike," nikajibu, nikakaa chini kwenye nyasi, nao wakaja wakakaa karibu yangu.