Chapati za Beki

Jumapili nilikuwa mapokezi ya hospitali moja huku Maplewood, Marekani, nikisubiri kumwona mgonjwa, mara akaingia mama Mkenya amekumbatia hotpoti ya chapati. Nyuma yake alikuja mwanawe, nikamtambua. Ni beki wa futiboli ya Kimarekani, nyota wa chuo chake. Akishamwangusha mpinzani humnyooshea mkono amwinue, na siku zote nilidhani ni mbwembwe tu. Jana yake kijana aliyemwangusha hakuinuka, akatolewa kwa machela.

"Mum, hiyo ndiyo kazi yangu," alinung'unika. "Watu walinipigia makofi."

"Kazi yako ni kuvunja mtoto wa wenyewe? Utasema pole, tena kwa mdomo wako."

Lifti ikafunguka. Akatoka mama Mzungu akisukuma kiti cha magurudumu, na juu yake yule kijana. Jitu letu likainamisha kichwa, likaomba msamaha kwa Kiingereza cha chini chini.

"Msamaha wa nini?" mama Mzungu akashangaa. "Ulikuwa mchezo!"

"Hakuna kilichovunjika," kijana akacheka. "Naenda nyumbani." Macho yake yalikuwa kwenye hotpoti.

Mama Mkenya alikaa kwenye kiti cha karibu, akashusha pumzi, akajifuta uso kwa leso. "Asante Yesu." Kisha akamgeukia mwanawe: "Na jana mbona hukumpa mkono umwinue?"

"Nilimpa, Mum. Hakuushika."

"Nilikuona. Ulichelewa."

Mbwembwe gani? Kumbe mama huwa jukwaani kwa watazamaji, akimwangalia.