Theluji Niliyoirudisha Njiani

Kosa ni langu, ndugu zangu, wala sitamsingizia shetani. Ile barafu iliyomvunja jirani yetu mkono kule Kenmore haikushuka mbinguni. Niliileta mimi, kwenye buti la gari.

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Kigoma. Marekani tulishukia Louisville, karibu na mtaa wa Iroquois, mimi na mke wangu na watoto. Halafu binamu yangu akanipigia simu kwamba huku Buffalo viwanda vinaajiri. Theluji hakuitaja. Tukapata nyumba ya juu Kenmore, pembeni mwa Buffalo, jirani na familia ya Wahindi.

Kwao kulikuwa na vizazi vitatu. Mzee, nitamwita Mzee Rao ingawa si jina lake, alikuwa mjane wa miaka sabini na nane, injinia mstaafu wa manispaa huko India. Mwanawe Suresh alikuwa mtu wa kompyuta. Binti wa Suresh, Anika, alikuwa na miaka kumi na sita. Babu yake akimsemesha kwa lugha yao, yeye anajibu kwa Kiingereza, kama wanangu tu.

Theluji ikianguka, Mzee alikunywa chai, akavaa koti la mwanawe, akatoka na koleo saa nne asubuhi. Hakuishia mbele ya kwao. Alisafisha njia ya miguu mpaka kona, nyumba kumi na moja.

Siku moja nilimsaidia, akanieleza. Ujanani mwake, nchi yao ikiwa bado changa, yeye na vijana wenzake wenye elimu walishika mafagio wakafagia barabara pamoja na watu wa tabaka lililotengewa kazi hiyo. Mama yake alimzuia mlangoni mpaka aoge.

"Tuliamini barabara ni sebule ya wote," aliniambia. "India ya mwanangu ina maghorofa mazuri, lakini uchafu wa nje ni wa mtu mwingine."

Suresh aliona aibu. Alisema kodi analipa, na kila mwenye nyumba ana wajibu wake. Anika naye alikuwa na lake: watu wakisafishiwa hawajifunzi, dawa ni kuwashtaki ofisi ya mji, na alikuwa ameshawapiga picha wote. Kisha jirani mmoja, mama wa Kizungu nitakayemwita Bi. Carol, akamletea Suresh kijikaratasi chenye namba ya kuripoti wazee wanaoteswa, akidhani Mzee analazimishwa kazi.

Suresh akapanda ngazi hadi kwangu. Aliniomba niwe nasafisha mtaa mapema, kwa siri, kabla baba yake hajatoka. Yeye ataniachia gari la zamani la mkewe niendee kiwandani zamu ya mchana. Mimi nilikuwa nasubiri basi kwenye baridi inayouma mpaka meno. Nikakubali hajamaliza kusema.

Siku ya kwanza Mzee alitoka akakuta njia nyeusi, safi. Alisimama na koleo lake akacheka peke yake. Aliniambia majirani wameamka. Akapita nyumba kwa nyumba kuwashukuru. Na majirani, jamani, wakazipokea hizo shukrani! Mmoja alimjibu kwamba ni wajibu tu.

Wiki ya pili Mzee aliacha kula. Alikaa dirishani akitazama njia safi. Akamwuliza Suresh maiti husafirishwaje mpaka India. Daktari alimpima, ugonjwa hakuuona. Anika ndiye aliyeuona.

"Mnamuua kwa usafi," alituambia mimi na baba yake. "Mrudishieni theluji."

Ungedhani tungeacha tu kusafisha. Lakini Suresh alimwogopa Bi. Carol na kijikaratasi chake. Basi tukapatana kipimo: nisafishe nyumba zote kumi na moja, halafu nirudishe theluji mbele ya nyumba tatu, unene wa vidole vinne, ili Mzee afanye kazi asichoke.

Nikawa naichota kwa toroli, naimwaga, nailainisha kwa ufagio ionekane imeanguka yenyewe. Nilirudi kinyumenyume nikifuta nyayo zangu, Anika akinionyesha kwa mkono kutoka dirishani pale nilipokosea. Mtu mzima, baba wa watoto wanne! Mke wangu alinitazama kutoka juu, nilipopanda akaniuliza, "Baba Neema, ndege yote ile, ukaletwa Marekani kumwaga theluji?"

Lakini Mzee alipona. Alikula, akaimba bafuni. Nani angeacha?

Mwezi wa pili jua likatoka, theluji ya mtaani ikaisha. Nikaenda kwenye uwanja wa maegesho wa supamaketi, ambako walikuwa wamerundika mlima wa theluji chafu, nikajaza buti la gari. Mzee aliikuta ya kijivu, ina maganda ya machungwa na glavu ya mtoto. Akaniuliza kama theluji ya huku huanguka hivyo. Nikamwambia ni upepo wa ziwani. Alinisadiki, kwa kuwa hakuwahi kunidhania mwongo.

Asubuhi moja, baada ya kuimwaga ile ya supamaketi, baridi ikarudi ghafla. Ikaganda kama kioo. Kabla Mzee hajamaliza chai, Bi. Carol alitoka kuchukua gazeti lake akateleza, kifundo cha mkono kikavunjika.

Mzee alijishika kichwa. Alisema amechelewa, chai imemponza. Akamwomba Bi. Carol msamaha mlangoni pa gari la wagonjwa, kisha akanitaka nimpeleke ofisi ya mji akajishtaki.

Nikampeleka. Kwa gari lile lile.

Ofisini alimweleza karani kwamba ameshindwa wajibu wake, apewe adhabu. Karani akauliza nyumba yake ni namba ngapi. Mzee akaitaja. Karani akasema basi ile iliyoganda si njia yako, huna kosa. Mzee akasema njia ni ya wote, kwa hiyo kosa ni lake. Karani alinitazama mimi, labda nimsaidie kuelewa. Foleni nyuma yetu ilikuwa inakua. Mwisho akachukua karatasi, akaandika kwamba mzee huyu ameonywa, akapiga muhuri. Mzee alishukuru kwa kuinama.

Na mimi nilisimama pale, bega kwa bega naye. Neno moja lingetosha. Nilifikiria gari, nikafikiria kituo cha basi, nikanyamaza.

Siku tatu sikulala vizuri. Ya nne nikaenda nikamwambia yote, mwanawe na mjukuu wake wakiwapo. Alisikiliza mpaka mwisho, mpaka maganda ya machungwa.

"Theluji nakusamehe," alisema. "Wewe ulitumwa. Lakini pale ofisini hukutumwa na mtu."

Kisha akamgeukia Suresh. Alimwambia maisha yake yote alipigana na watu wanaosema usafi ni kazi ya wengine, kumbe alikuwa anamlea mmoja nyumbani. Suresh alilia. Sikuwahi kumwona mwanamume yule akilia.

Wiki iliyofuata Mzee alihamia kwa mwanawe mwingine, Gahanna, pale Columbus, Ohio. Gari nililirudisha mwenyewe. Suresh hakuniomba, na mpaka leo hatusalimiani zaidi ya kupungiana mkono. Nikipiga simu Gahanna, naambiwa Mzee amelala, iwe asubuhi, iwe mchana.

Nilivumilia hadi Septemba, nikapanda basi nikaenda. Kabla ya kufika nyumba yao nilimkuta kwenye kivuko cha shule, amevaa fulana ya njano inayong'aa, anavusha watoto kwa kujitolea. Nilikanyaga barabara kumfuata. Akaninyooshea kiganja, nikasimama. Akavusha watoto wote, mmoja mmoja. Halafu akanipa ishara nivuke, kama anavyompa mtu yeyote. Nikavuka. Naye akageukia magari.

Nawe unayesoma, ukiona mtu mzima ana kazi anayoipenda, hata kama kwako ni upuuzi, usimpunguzie wala usimwongezee kwa siri. Mwulize mwenyewe. Na siku akijishtaki kwa kosa lako, fungua mdomo hapo hapo, mbele ya karani na foleni yake. Ukisubiri ufike nyumbani, umechelewa.